Je, anayenunua mafuta ya kupima hana hesabu?

"Mwalimu, hujambo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma uchumi hapa Kisumu. Darasani tunafundishwa kwamba mnunuzi ni mtu razini, anayepima faida na gharama kisha akachagua kilicho bora kwake. Nikirudi nyumbani Kondele siyaoni hayo. Mamangu huuza omena Kibuye, na kila jioni hununua mafuta ya kupima, yaani ya kupikia anayopimiwa kidogo kidogo, ya shilingi 20. Nikipiga hesabu naona analipa zaidi kwa lita kuliko anayenunua chupa nzima. Mjomba wangu wa Busia huuza mahindi punde anapovuna, bei ikiwa chini, halafu Mei anayanunua kwa bei ya juu. Mimi mwenyewe nimechukua mkopo wa simu mara tatu muhula huu, ingawa ada yake naijua. Je, nadharia ni ya uongo au ni sisi tusio na akili? Na nimwambie mama abadilishe?"

Ndugu msomaji, swali lako ni zuri kwa sababu hukuliacha darasani, umelibeba hadi nyumbani. Ila umewatia watu watatu katika kapu moja, na jibu linapotelea hapo. Kwa ulivyoeleza, mama yako huenda anapiga hesabu vizuri kuliko sisi tunaomtazama. Mjomba wako amebanwa, na bei anazijua vizuri. Wewe, nakuambia bila kukulaumu, ndiwe uliye karibu zaidi na mahali ambapo nadharia inapwaya. Niruhusu nianze na neno lenyewe, maana ndilo linalowakoroga wanafunzi wengi.

Katika mazungumzo ya kawaida mtu razini ni mtulivu, mwenye hekima. Mwanauchumi hulitumia neno hili kwa maana finyu zaidi. Anadai mambo mawili tu. Kwanza, ukiwekewa vitu viwili, unaweza kusema unachokitaka zaidi, au useme vyote ni sawa kwako. Pili, mapendeleo yako hayajipingi. Chukua samaki: ukipenda ngege kuliko mbuta, na mbuta kuliko omena, huwezi tena kupenda omena kuliko ngege. Mtu anayejipinga hivyo mchuuzi angemchuna: anampa mbuta badala ya omena kwa kuongeza shilingi 10, ngege badala ya mbuta kwa 10 nyingine, kisha omena badala ya ngege kwa 10 tena. Mwisho wa mzunguko amebaki na omena zilezile alizoanza nazo, na mfukoni zimetoka 30.

Baada ya hapo nadharia inasema kwamba katika vile ambavyo kipato chake na bei vinamruhusu, mtu huchukua kile anachokipenda zaidi. Basi. Haisemi apende nini. Mama anayejinyima nyama mwezi mzima ili alipe karo ni razini kabisa, kwa hiyo urazini si ubinafsi. Haisemi pia kwamba anakaa na kikokotoo. Mwaka 1938 mwanauchumi Paul Samuelson alipendekeza tuache kuuliza kilicho kichwani mwa mnunuzi, tutazame anachochagua bei zinapobadilika na tuone kama machaguo yake yanapatana. Na hakuna mahali nadharia iliposema kwamba mtu razini hununua kila kitu kwa bei ya chini kabisa kwa lita. Hilo umeliongeza wewe, nalo ndilo lililokufanya umwone mama amekosea.

Tuifanye hesabu ya mama. Bei hizi ni za mfano, weka za duka lenu. Tuseme shilingi 20 humpa mililita 50, yaani lita moja inamgharimu 400. Chupa ya lita dukani tuseme ni 300. Kwa mililita 50 kwa siku, lita moja itatumika siku 20. Akinunua chupa leo, anatoa 280 zaidi ya zile 20 ambazo angezitoa hata hivyo, na katika siku 19 zinazofuata anaepuka kulipa 20 kila siku, jumla 380. Ametia 280, amepata 380. Faida ni shilingi 100 kwa muda usiofika wiki tatu, na ukiiangalia peke yake inavutia sana.

Lakini mama yako ni mfanyabiashara, na shilingi 280 kwake ni mtaji. Tuseme omena humpa faida ya asilimia 15 kila anapozungusha mtaji, naye huuzungusha mara tatu kwa wiki. Katika siku 19 hiyo ni mizunguko minane. Kwa kuwa pesa zilizoingia kwenye chupa zinamrudia 20 kila siku, tuhesabu kwamba kwa wastani amekosa nusu yake tu, yaani 140. Asilimia 15 ya 140 ni 21, mara nane ni 168. Kwa hiyo ili aokoe 100 kwenye mafuta, angepoteza 168 kwenye omena. Hapo anayenunua mafuta ya kupima ndiye mwenye hesabu.

Hesabu hiyo ina sharti moja, na hili usilipite haraka: ni kweli tu ikiwa shilingi ya ziada inayoingia kwenye omena inauzika. Ndiyo maana swali la kumuuliza mama si "mbona unanunua ghali?" Muulize kama omena humwishia wateja wakiwa bado wanakuja, au hurudi nazo nyumbani. Zikimwishia mapema, mtaji ndio unaombana na kila shilingi ina kazi pale sokoni. Akirudi nazo mara kwa mara, shilingi ya ziada haizai kitu kule, na chupa ya lita ndiyo uwekezaji bora alio nao kwa wakati huo.

Kuna sababu nyingine ambazo hazionekani kwenye bei. Mafuta yakiwa mengi jikoni, mkono huwa mwepesi kuyamimina, na jirani akija kuomba kidogo ni vigumu kumwambia hayapo. Lita iliyopaswa kukaa siku 20 ikiisha siku ya 15, akiba yote ya 100 imekwisha: amelipa 300 kwa siku 15, ambayo ni 20 kwa siku, sawasawa na ya kupima. Pesa taslimu nazo huliwa hivyo hivyo. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walilipima jambo hili katika vyama vya akiba hapa magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Waliwapa baadhi ya wanachama sanduku la chuma lenye kufuli, ufunguo wakabaki nao wenyewe, waweke akiba ya mambo ya afya. Hawakupewa riba wala mkopo. Akiba hiyo ya afya iliongezeka kwa asilimia 66. Waliokuwa wakionekana hawajali kesho walikuwa hawana mahali salama pa kuiweka shilingi, na penye ruhusa ya kumwambia anayeomba, "hizi zina kazi yake."

Sasa mjomba. Tuseme gorogoro (mkebe wa kupimia) la mahindi ni shilingi 80 baada ya mavuno na 130 mwezi Mei. Akiweka, anapata 50 juu ya 80, asilimia 62.5 kwa miezi tisa. Ukiishia hapo utasema anatupa pesa. Lakini anauza kwa sababu karo inadaiwa na deni la pembejeo limeiva. Kutouza maana yake ni kukopa. Akikopa kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi, miezi tisa ni asilimia 67.5, bila hata kuhesabu ada juu ya ada. Inazidi faida ya kuweka. Kwa mkopo huo, kuuza mapema ndio uamuzi sahihi. Akipata mkopo wa asilimia 1 kwa mwezi kutoka sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, gharama ni kama asilimia 9, na hapo kuweka kunashinda kwa mbali. Mjomba ni yuleyule na mapendeleo ni yaleyale, ila mlango ulio wazi mbele yake umebadilika.

Hili halikuachwa kwenye makaratasi. Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walifanya jaribio upande wa Webuye, wakalichapisha mwaka 2019. Wakulima walipewa mkopo wakati wa mavuno, ule wakati ambao kwa kawaida wangekuwa wanauza. Waliopata waliweka mahindi zaidi, wakauza baadaye bei ikiwa juu, wakafaidika. Wangekuwa hawaelewi bei, mkopo usingebadilisha chochote. Napenda pia walivyoangalia soko zima: pale wakulima wengi wa eneo moja walipopata mkopo, bei ilipanda polepole zaidi baada ya mavuno, kwa hiyo faida ya kila mkopaji ilipungua na wasiokopa nao wakaguswa. Kinachomfaa mkulima mmoja hubadilika wanapokifanya wote.

Na kuweka kwenyewe kuna gharama yake. Mahindi yakiingia guniani yakiwa na unyevu zaidi ya asilimia 13.5, yanaota kuvu, na kuvu huleta sumu ya aflatoksini. Jaribio la nyumbani: tia chumvi kavu na konzi ya mahindi kwenye chupa kavu, tikisa, uache dakika chache. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi hayajakauka. Gunia la kawaida halizuii fukusi wala osama, yule dumuzi mkubwa wa mahindi. Mfuko usiopitisha hewa huwaua kwa kuwanyima pumzi, ila ukitoboka hata tundu dogo kazi yake imekwisha. Mjomba asiye na mfuko huo wala turubai ya kuanikia ana sababu nyingine halali ya kuuza mapema.

Utaona kwamba hadi hapa nadharia imetusaidia. Imetulazimisha kuuliza mtu amezungukwa na nini kabla ya kumwita mjinga. Kwangu hiyo ndiyo thamani yake kubwa, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaoitupa yote.

Wanaoitetea kwa nguvu wana hoja mbili utakazokutana nazo kwenye mtihani. Mwanauchumi Milton Friedman aliandika mwaka 1953 kwamba dhana ihukumiwe kwa utabiri wake. Mchezaji stadi wa biliadi hapigi hesabu za pembe, lakini mipira huenda kana kwamba amezipiga. Mwanauchumi mwenzake Gary Becker mwaka 1962 alikwenda mbali zaidi, akaonyesha kwamba hata wanunuzi wakichagua ovyo kabisa, bei ikipanda wananunua kidogo kwa jumla, kwa sababu mfuko una mwisho. Ukiwa na 600, na kilo ya sukari ni 150, unaweza kupata kilo nne. Ikifika 200, hata uwe huna akili yoyote, ya nne haipatikani. Hoja ya Becker naipenda, ila isome pande zote mbili: kama mkondo wa mahitaji (kiasi kinachonunuliwa kwa kila bei) hushuka hata kwa wanunuzi ovyo, basi kushuka kwake hakuthibitishi kwamba wanunuzi ni razini.

Hoja ya Friedman ina mpasuko mmoja mkubwa. Inafaa makosa ya watu yanapotawanyika huku na huku, mmoja akizidisha na mwingine akipunguza, yakafutana. Makosa yakielemea upande mmoja hayafutani. Kazi ya wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky, hasa makala yao ya mwaka 1979, ilionyesha kwamba mengi yanaelemea upande mmoja. Kupoteza shilingi 100 huuma zaidi ya jinsi kupata 100 kunavyofurahisha, na watu huamua tofauti jambo lilelile likielezwa kama hasara badala ya faida. Kabla yao, Herbert Simon katika miaka ya 1950 alikuwa ameeleza kwamba akili na muda wa mtu vina kikomo, kwa hiyo hatafuti kilicho bora kuliko vyote. Hutafuta kinachotosha, akikipata anaacha kutafuta. Mwanamke aliyetembea vibanda vitatu vya sukuma Kibuye, akanunua kwenye cha tatu bila kufika cha ishirini, anafanya hivyo, na hakuna ubaya.

Mahali ambapo nadharia inashindwa wazi zaidi ni pale muda unapoingia kati, na ushahidi mzuri sana umetoka Busia. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwafuatilia wakulima ambao mbolea ya kukuzia, ikitumika kwa kiasi sahihi, ingewalipa vizuri. Wengi walisema watanunua, hawakununua. Watafiti waliwapelekea baadhi yao nafasi ya kununua mara tu baada ya mavuno, kwa bei ya kawaida, wakiongezewa tu kuletewa bure. Matumizi ya mbolea yalipanda kiasi cha kulingana na kundi jingine lililopewa punguzo la nusu bei, lakini baadaye msimu ukiwa umeshafika. Mtu razini wa kitabuni angevutwa na nusu bei kuliko usafiri wa bure. Mtu halisi mwezi wa mavuno ana pesa na nia. Miezi michache baadaye nia ipo, pesa hazipo. Makala yao ilitoka mwaka 2011.

Utaratibu wa ndani ni huu. Muulize mtu kama anataka 1,000 baada ya siku 30 au 1,100 baada ya siku 31, na wengi watangoja siku moja. Muulize leo kama anataka 1,000 sasa au 1,100 kesho, na wengi hawangoji. Siku ya kungoja ni moja, nyongeza ni ileile, uamuzi umegeuka. Leo ina uzito ambao siku nyingine yoyote haina. Hilo kweli linapingana na dhana ya mapendeleo yasiyojipinga katika muda, na huwezi kulisingizia umaskini peke yake.

Si kila ushahidi unasema wazi hivyo. Mwaka 2010 Jessica Cohen na Pascaline Dupas walichapisha jaribio la vyandarua kwa wajawazito katika kliniki za magharibi mwa Kenya. Kutoka bure hadi shilingi 40, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia, na waliopewa bure walivitumia sawa na walionunua. Unaweza kusema hawakuwa na 40 siku ile. Unaweza kusema neno "bure" lina nguvu yake. Jaribio hilo peke yake haliamui, na ukiandika insha usijifanye linaamua.

Sasa mkopo wako. Kwa mkopo wa 1,000, ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi ni 75. Ukiuzungusha mwaka mzima ni 900, yaani asilimia 90, na ada ikiongezwa juu ya deni kila mwezi hufika takriban asilimia 138. Lakini ukubwa wa ada hauamui kama umekosea. Mama yako akikopa 1,000 kujaza omena zinazoisha, kwa mizunguko 12 ya mwezi ya asilimia 15 anapata 1,800 na analipa 75. Kipimo chako ni tofauti: mwezi mmoja kabla, ungeulizwa kama unataka kuchukua mkopo huu kwa jambo hili, ungesema ndiyo? Kama ulikuwa wa dawa au nauli ya mtihani, ungekubali. Kama ungesema hapana na siku ilipofika ukaubonyeza hata hivyo, hapo ni leo imekuzidi nguvu, na dawa yake haitakuwa kusoma zaidi kuhusu riba. Dawa ni kuamua mapema, ukiwa mbali na kishawishi: pesa za matumizi zinapoingia, siku hiyohiyo lipa chumba, nunua unga wa mwezi, na peleka 500 mahali usipoweza kuzitoa kwa simu, kwa mfano kwa mweka hazina wa chama.

Kuhusu mama, usianze na somo. Uliza lile swali la omena. Akisema hurudi nazo, na yeye mwenyewe akitaka, njia ni hii: kwa siku 20 aweke 14 kila siku kwenye mkebe wenye kufuli huku akiendelea kununua ya kupima. Zikifika 280, siku ya 21 aongeze 20 za siku hiyo anunue lita. Kuanzia kesho yake, zile 20 za kila jioni ziingie mkebeni kana kwamba mkebe ndio duka. Chupa ikiisha siku ya 40, siku ya 41 mkebe utakuwa na 400. Lita nyingine ni 300, na 100 ni zake. Apime mililita 50 kwa kikombe kimoja kisichobadilika, na kama majirani huomba sana, chupa isikae wazi jikoni. Inapoharibika mara nyingi ni kwenye zile 20 za kila jioni, kwa kuwa mafuta yapo na mtu haoni haja ya kulipa.

Mtihani ukikuuliza kama dhana ya urazini ni halali, jibu kwa kutaja kazi unayoipa. Kutabiri soko litaelekea wapi bei au kipato kikibadilika, inatosha mara nyingi. Kuchunguza kwa nini mtu hafanyi unachodhani kinamfaa, ni swali la kwanza zuri, ukianza na vizuizi, kisha taarifa alizo nazo, na mwisho akili inavyofanya kazi. Kueleza akiba, madeni, afya na kamari, haitoshi peke yake.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatibu. Ukiwa unakopa kwa mkopeshaji mmoja ili kumlipa mwingine, au pesa zinaishia kwenye kubeti na huwezi kuacha, nenda ukakae na mtu ana kwa ana: mshauri wa wanafunzi chuoni kwanza, na hospitalini kuna washauri nasaha kama ni kamari. Beba orodha ya kila deni, tarehe na ada. Hakikisha pia mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, maana tangu 2022 wakopeshaji wa kidijitali wanadhibitiwa na hawaruhusiwi kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Mjomba naye amwone afisa wa kilimo wa wadi na karani wa sacco kabla ya kuvuna, akiwa na makadirio ya magunia na tarehe za karo, kwa sababu mkopo unaofika baada ya mahindi kuuzwa haumsaidii tena msimu huo.